Mwaka Nliokagua Imeli za Watu

Injinia kafa Jumatatu, Mungu amrehemu, na kufika Alhamisi keshakuwa malaika. Nlikwenda hitima nyumbani kwake Mtoni, nikavua viatu mlangoni, nikaingia ukumbi wa wanawake, nikakaa kwenye mkeka, na kabla sijapata pa kuegemeza mgongo nshasikia mambo matatu: kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, kwamba marehemu hajapata kumvunja mtu moyo, na kwamba marehemu ndiye aliyeleta kompyuta Unguja. Hilo la tatu lilinitoa kicheko, nikakigeuza kikohozi. Bibi mmoja pembeni yangu akanipigapiga mgongo, kadhani nalia. “Jikaze mwanangu,” kaniambia. “Ulikuwa nani wake?” Nikamwambia nlifanya kazi kwake mwaka mmoja, zamani. “Basi utakuwa ulijifunza mengi kwake.” “Mengi sana, bibi,” nikamjibu, na hapo sikusema uongo. Nlijifunza kwamba mtu anaweza kuwa mpumbavu wa kiwango cha juu kabisa na bado akapewa kiti kinachozunguka. Sikujua tu kwamba mwaka ule ule mpumbavu wa pili nlikuwa mie.

Nlikuwa na miaka ishirini na mbili, na elimu yangu ilikuwa kidato cha tatu kasoro miezi miwili. Kuandika programu nlijifundisha kwenye duka la fotokopi Mkunazini, baina ya mteja na mteja, kwa kitabu kisichokuwa na jalada wala kurasa arubaini za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo mambo ya mwanzo yananipiga chenga. Injinia aliingia siku moja kutoa kopi za cheti chake. Kopi ishirini. Cheti kilikuwa cha nje, kina muhuri wa rangi ya dhahabu, na alinisimamia kichwani nisije nikakipinda. Akaona kwenye kioo changu kitu nlichokuwa nakiandika, kiprogramu cha kuhesabu kurasa, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia kitabu. Akacheka mpaka akajifuta macho, akaniambia nije ofisini kwake Shangani Jumamosi. Nlidhani kaona kipaji. Baadae nikafahamu kaona mtu wa bei nafuu asiyekuwa na cheti cha kushindana na chake.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kuuzia watalii vinyago, na ngazi zake zilisimama wima kama zinataka kukutema. Chumba kimoja kikubwa, boriti za mikoko juu, sakafu ya mbao inayolalamika, na katikati wameshindilia ukuta wa plaiwudi. Upande wa Injinia kulikuwa na kiyoyozi, kiti kinachozunguka, na cheti ndani ya fremu. Upande wangu kulikuwa na mimi. Kiyoyozi kilimpa yeye baridi na mie kilinipa joto, maana lile sanduku la nyuma walilitundika dirishani kwangu, likinipulizia shingoni kutwa nzima kama mtu aliyetoka kukimbia. Mchana nlikula mkate wa boflo na maharage ya nazi kwenye kibakuli cha plastiki. Yeye akiagiza biriani akifunga mlango, lakini harufu haijali plaiwudi. Wala maneno hayajali. Nlimsikia akipiga simu kwa wafadhili, Kizungu chake kimevaa suti, akisema “timu yangu” hivi na “timu yangu” vile. Nikageuka kuitafuta hiyo timu. Palikuwa na feni mbovu na mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Chuo kimoja cha uuguzi kilichoka kuona waombaji wamepanga foleni uani na bahasha za kaki, kikataka fomu zijazwe kwenye mtandao. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mtihani, na imeli. Hapo kwenye imeli ndipo tulipokwama. Tulipojaribu kwa watu wa Darajani, wakakaa mbele ya kompyuta, wakajaza. Mmoja kaandika namba ya simu. Mwengine kaandika “nyuma ya msikiti, nyumba ya mlango wa kijani.” Mwengine kaandika “ninayo ila nimeisahau.” Msichana mmoja kaandika “mpaka nimuulize baba.” Nikajaribu kuandika ukaguzi wangu mwenyewe, uangalie kama ile alama ya kizingo, ile a iliyozungushiwa mkia, ipo na nukta ipo. Ukakubali takataka nyingi, na siku Injinia alipoingiza imeli yake mwenyewe ya heshima, ukaikataa. Kelele alizopiga zilishuka ngazi mpaka kwenye vinyago.

Basi akaniletea laibrari. Msiotoka huku mnisamehe: laibrari kwetu sie watu wa programu si jumba la vitabu, ni kipande cha programu alichoandika mtu mwengine, mahala kwengine, akakiacha kwenye mtandao kila mtu akitumie. Hii ilikuwa ndogo, ina kazi moja tu. Unaipa anwani ya imeli, inakujibu ndiyo au siyo. Injinia aliniletea kama kaileta kutoka Makka. “Zuwena,” kaniambia, kasimama mlangoni mwa plaiwudi, mikono mifukoni, “mambo ya kubahatisha yamekwisha. Hii dunia nzima inaitumia.” Nikaitia. Kusema haki, ilifanya kazi vizuri. Zile nyumba za mlango wa kijani ilizitupa zote. Lakini mie nna ushetani wangu, nikaipa anwani ya ibilisi wa jehanamu, kizingo mahala pake, nukta mahala pake. Ikajibu: ndiyo.

“Bwana,” nikamwita, “hii inakubali watu wasiokuwepo.”

“Inakagua umbo, haikagui watu.”

“Sasa faida yake nini?”

“Weye wa kidato cha tatu ndio unaitia kasoro kazi ya mabingwa?” Akarudi kwenye baridi yake, akafunga mlango.

Nikaudhika. Nliudhika vile anavyoudhika mtu mwenye elimu ndogo anapokumbushwa ukubwa wa elimu yake. Nikasema ntamwonyesha, ntaongeza na akili yangu juu ya akili za hao mabingwa wake. Chini ya laibrari nikatia mistari mitatu ya kwangu. Maana yake ni hii: ikiingia fomu yenye imeli iliyokwisha kutumika, basi huyo ni mtu yule yule kakosea mwanzo, karudi kujisahihisha. Ile ya zamani ifutwe, mpya ikae. Nlijiona nna akili kama nini! Injinia alipoona, akakuna kidevu, na wiki ile ile nikamsikia kwa plaiwudi akiwaambia watu wa chuo: “Nimebuni utaratibu, mtu mmoja hawezi kuwa na maombi mawili.” Nimebuni. Nikameza boflo langu bila ya chai, lakini ndani nlivimba kwa furaha kama andazi.

Wakati huo nlikaa Malindi, chumba cha juu kabisa, na mwenzangu mmoja wa Makunduchi, Mwanakheri. Alikuja mjini kurudia mtihani wa sayansi ili apate alama za kuingilia uuguzi, na alizipata. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja tukilala wawili, jiko la mafuta ya taa, na dirisha linaloangalia dirisha la jirani, tukijua nani kaachwa na nani kabla mwenyewe hajaambiwa. Kwao wakimletea pweza mkavu, tukimpika kwa nazi, chumba kikinuka siku tatu, na mie nikila huku nikimcheka. Nlikuwa mtu wa mjini, jamani. Nlimcheka anavyotembea, nlimcheka anavyoogopa simu ikilia, nlimcheka anavyosoma kitabu cha mwili wa binaadamu kwa sauti, kavaa kanga, kakaa sakafuni: “Ini liko upande wa kulia.” Na mie nikimjibu: “La kwako liko Makunduchi.” Alikuwa hakasiriki. Alikuwa ana jambo moja tu kichwani. Chuo hakipokei mtu aliyepita miaka ishirini na tano, na yeye ishirini na tano ndiyo hiyo alikuwa nayo. Ukipita mwaka ule, basi tena.

Siku fomu ilipofunguliwa aliamka kabla yangu, kashavaa baibui. “Zuwena, twende wote unijazie.”

“Sikujazii. Watasema nimekupendelea. Nenda Darajani kajaze mwenyewe, kuna mahala pa mtandao juu ya duka la mabomba.”

“Na wakitaka hiyo imeli?”

“Andika unayoitumia.”

“Mie natumia ya dukani kwa Mzee Ame.”

“Andika hiyo hiyo,” nikamwambia, nikavuta shuka.

Sasa Mzee Ame ni mwenye duka la vyakula kwao Mwanakheri, Makunduchi, mtu mzima wa heshima, na duka lake tokea zamani ndiyo posta ya watu wote wa upande ule. Barua ilikuwa ikija kwa sanduku lake, yeye akiziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na baada ya Sala ya Alasiri akisimama barazani anaita majina. Hajapata kupoteza barua ya mtu. Ilipokuja imeli, mwanawe akamfungulia moja, na watu wakaendelea vile vile. Ukitaka kumwandikia mtu wa pale, unamwandikia kwa Mzee Ame, na jina la mwenyewe ndani. Kila mtu alilijua hilo. Mie nlilijua, nlikuwa nikilala kitanda kimoja na mtu anayepokea barua zake kwa njia hiyo. Lakini nlipokaa mbele ya kompyuta pale Shangani nikawa simjui Mzee Ame wala nani. Nlikuwa najua mtu mmoja imeli moja, kama walivyokuwa wanajua hao mabingwa huko walikokaa. Mtu akivaa ujuzi wa kuazima, kitu cha kwanza anachokisahau ni kwao.

Fomu ikafungwa. Zikapita wiki sita. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili yakabandikwa ukutani pale chuoni, Mwanakheri akaenda kuyatazama, akarudi, akakaa kitandani na baibui lake. Mie nlikuwa nakatakata vitunguu.

“Simo.”

“Umetazama vizuri?”

“Nimetazama mara nne. Nikaingia ndani nikamuuliza bwana wa pale. Kanifungulia kwenye mashine. Kasema si kwamba nimekataliwa. Kasema sikuomba kabisa.”

“Hukuomba? Si ulikwenda Darajani?”

“Nlikwenda. Nlijaza yote, ikanijibu ahsante.” Akatazama mikono yake. “Labda nlibonyeza vibaya.”

Na mie, kisu mkononi, nikasema: “Labda.” Kisha nikaongeza, maana mdomo wangu haujui kukaa: “Mashine haisemi uongo, mwenzangu. Nyie watu wa shamba na vidole vyenu vya kuvunia mwani.” Akacheka kidogo. Mpaka leo sijui alichekea nini.

Kesho yake asubuhi, kabla Injinia hajaja, nikafungua faili ambalo hakuna mtu anayelifungua. Kila fomu inayoingia, kuna mahala sava, ile kompyuta inayozipokea, inaandika kwamba imeingia, saa ngapi, na kilichokuwemo. Kule hakifutwi kitu. Nikatafuta imeli ya duka la Mzee Ame. Zikatoka fomu thelathini na moja. Thelathini na moja! Wasichana na wavulana wa Makunduchi, kila mmoja na jina lake, na namba yake ya mtihani, na laibrari kila mara imejibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila mara mistari yangu mitatu imemfuta aliyetangulia ikamweka aliyefuata. Kabakia mmoja tu, wa mwisho, msichana aliyejaza siku ya kufunga, saa kumi na moja jioni. Huyo sasa ni muuguzi, na muuguzi mzuri, kanichoma sindano mara mbili sikusikia kitu. Na fomu ya kwanza kabisa, siku ya kwanza, saa nne asubuhi, ilikuwa ya Mwanakheri. Hajabonyeza vibaya. Kaandika kila kitu sawasawa, hata jina la babu.

Nikaichapisha orodha yote kwenye karatasi, nikamngoja Injinia ngazini. Nikamwonyesha. Alisoma kasimama, nikaona sikio lake linabadilika rangi.

“Hii mistari nani kaiandika?”

“Mie. Lakini weye ulisema umeibuni.”

“Usinijibu. Laibrari ina kosa?”

“Laibrari haina kosa.”

“Basi mfumo hauna kosa. Hawa watu wametumia imeli moja kinyume cha utaratibu.”

“Utaratibu upi, bwana? Hapana mahala tuliandika kwamba hairuhusiwi. Usaili Jumatatu. Tukipeleka majina leo watawaita.”

Akaingia upande wake, akakaa kwenye kile kiti, akazunguka kidogo kushoto, kidogo kulia. Kisha akaongea kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi. “Nikienda chuoni leo nikasema tumefuta watu thelathini, kazi hii imekwisha, na ijayo haiji. Na wataniuliza nani kafuta. Ntawaambia nani, Zuwena? Ntawaambia nlimchukua mtu kwenye fotokopi?” Akanitazama. “Toa hiyo mistari. Mwaka ujao waombe tena.”

Ningeweza kushuka ngazi. Chuo si mbali, ni mwendo wa miguu, na karatasi ile nlikuwa nayo mkononi. Watu huko hitimani walikuwa wanasimulia namna Injinia alivyokuwa, na mie nimemtukana aya baada ya aya, na kila nililosema ni kweli. Lakini hakunifunga kamba. Alifunga mlango, basi. Mie nikakaa kwenye joto langu nikafuta mistari mitatu, kazi ya nusu dakika, nikaikunja karatasi nikaitia mkobani, na mchana nikala. Nlijiambia wengine wana mwaka ujao. Kwa Mwanakheri sikujiambia kitu, maana hapakuwa na cha kujiambia. Nlikuwa naogopa kurudi kwenye fotokopi. Ndiyo sababu yote hiyo, hamna nyengine iliyojificha nyuma yake. Nlirudi chumbani jioni, na yeye alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye boksi la sabuni. Nikapika. Tukala. Akaniambia kitabu cha mwili wa binaadamu nimpe mtu anayekitaka. Nikasema sawa. Ijumaa akarudi kwao, na miezi mitatu baadae mradi ukaisha na Injinia akaniachisha, nikarudi kwenye fotokopi vile vile.

Basi nlikuwa pale hitimani nimekaa na bibi yangu wa kunipiga mgongo, masinia yakaanza kuingia. Mwanamke mmoja mnene, kajifunga kanga kiunoni, akaweka sinia mbele yetu, akanitazama, akaacha mdomo wazi. “Weye! Si Zuwena wa Malindi?” Kumbe Mwanakheri kaolewa pale pale Mtoni, nyumba ya tatu kutoka kwa marehemu, miaka mingi sasa. Akanikumbatia, akakaa, akasukuma watu wa sinia letu apate nafasi. Akaniuliza habari zangu, nikamwambia nafundisha vijana kompyuta. Akapiga kofi.

“Basi mie mpaka leo sizigusi! Hata simu wanangu ndio wanaonibonyezea. Marehemu alikuwa akinicheka. Waulizeni hawa, wote wanajua: mie ndiye niliyekosa uuguzi kwa kidole!” Akakinyanyua kidole chake cha shahada, akakitingisha. “Hiki! Kilibonyeza vibaya!” Wanawake wakaangua kicheko, kicheko cha kitu walichokizoea, na mmoja akadakia, “Ndiyo maana twamwambia asiguse hata swichi ya taa!” Naye akacheka zaidi yao. Nlimtambua, mie msanii wa kujicheka. Nlijua kazi anayoifanya. Mtu unalichukua jambo linalokuuma unalicheka wewe kwanza, ili wenzio wasikuwahi. Tofauti ni kwamba mie yangu nliyafanya kweli.

“Mwanakheri,” nikasema. “Hukubonyeza vibaya.”

“Ah, yamepita hayo. Kula.”

“Fomu yako iliingia. Ilikuwa ya kwanza kabisa. Nliiona kwa macho yangu. Mie ndiye niliyeifuta.” Nikamweleza, kwa sauti ya chini, duka la Mzee Ame, watu thelathini na moja, mistari mitatu. Alisikiliza mkono wake umo ndani ya wali, haupandi wala haushuki.

“Iliingia?”

“Iliingia.”

“Na namba ya mtihani nliiandika sawa? Maana ile ndiyo iliyokuwa ikinisumbua. Nlikuwa naiota.”

“Uliiandika sawa.”

“Ulijua lini?”

“Siku ya pili yake. Usaili ulikuwa haujafanywa.”

Akautoa mkono kwenye sinia, akaunawa kwenye bakuli polepole, kidole kimoja kimoja. “Ulijua,” kasema, “na usiku ule ukanipikia.” Nikangoja anitukane, na wallahi ningeshukuru. Hakunitukana. Akageuka nyuma kule walikokaa wale waliokuwa wanacheka, akagonga ukingo wa sinia kwa kijiko mpaka ukumbi mzima ukanyamaza, hata waliokuwa wakimsifu marehemu.

“Jamani, huyu ana maneno,” kawaambia. Kisha akanigeukia mie. “Waambie. Kwa sauti, na usiwachekeshe. Anzia fomu ya kwanza ilikuwa ya nani.”